Wa Kumpeleka Watatu, wa Kumrudisha Hakuna

Waheshimiwa viongozi wa wilaya na wa mitaa, wauguzi na maafisa ustawi wa jamii, mashehe na wachungaji, ndugu madereva na makondakta mlioacha kazi zenu asubuhi hii kuja kutusikiliza hapa Tanga, na ninyi baba zangu na mama zangu ambao watoto wenu wako katika nyumba za upataji nafuu, wanakokaa waraibu wa dawa za kulevya wakitibiwa, au wametoka karibuni: assalamu alaikum, na tumsifu Yesu Kristo.

Nimeombwa niseme juu ya matibabu ya uraibu, nami nikaomba niruhusiwe kusema juu ya siku moja tu ya matibabu hayo, yaani siku ya kutoka, kwa sababu naamini kwamba siku hiyo ndiyo tunayowapoteza wengi tuliokwisha kuwapata. Mimi si daktari. Ni mwalimu wa shule ya msingi niliyestaafu, na ni kaka wa mtu aliyeingia nyumba ya upataji nafuu mara mbili. Mara ya kwanza alirudi peke yake, mara ya pili nilimfuata mwenyewe, na karibu yote nitakayoyasema nimejifunza katika safari hizo mbili.

Kumbukeni kwanza siku ya kumpeleka. Sidhani kama katika ukumbi huu ipo familia iliyomwacha mtu wake aende huko peke yake. Sisi tulikwenda naye watatu: mimi, mjomba, na binamu yetu mwenye gari. Mdogo wangu tulimkalisha katikati kiti cha nyuma, mjomba upande huu na mimi upande ule, na kabla hatujatoka Makorora tulikuwa tumekubaliana kwamba gari halitasimama Segera wala Mkata, na kwamba atakayebanwa na haja atashuka porini, mahali pasipo na duka wala mtu. Arosto, yaani maumivu ya kukosa heroini, ilikuwa imekwisha kumkamata. Alipiga miayo mfululizo, makamasi yakimchuruzika, miguu haitulii, akituomba tumtafutie kete moja tu ya mwisho ili aingie huko akiwa mtulivu. Tulipofika Bagamoyo, tukamkabidhi na geti likafungwa nyuma yake, mjomba aliketi mchangani akalia mbele ya mlinzi, mtu mzima wa zaidi ya miaka sitini.

Miezi minne baadaye nilipigiwa simu. Niliambiwa kwamba mdogo wangu amemaliza programu yake vizuri, kwamba Jumatano anatoka, na kwamba tutume nauli. Nilifurahi mno. Nilikwenda kwa wakala, nikatuma shilingi 40,000, ambazo zilizidi nauli, nikasema moyoni kwamba naye apate chochote njiani kwa kuwa amehangaika vya kutosha. Mama aliroweka mchele wa pilau. Katika familia nzima hakuna aliyeuliza nani atakwenda kumchukua, wala aliyetupigia simu hakuliuliza hilo, na wala mimi sikuona kwamba kuna jambo la kuulizwa. Mtu mzima anarudi kwao, njia anaijua.

Sisi watu wa pwani tuna msemo wa mabaharia kwamba mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Waliozoea majahazi wanajua kwamba ngama ndiko chombo kinakojikusanyia maji yake, na baharia anayeteremka huko huteremka kwa uangalifu, mkono mmoja ukiwa umeshika ubao. Nasi nyumbani ndiko tunakopumzika, na huko huko ndiko yanakosubiri yale yaliyotuzamisha.

Kutoka Bagamoyo kuja Tanga hakuna haja ya kuingia Dar es Salaam. Unapanda gari dogo hadi Msata, kilomita 64 hivi, kisha unasimama kando ya barabara kuu kusubiri basi linalotoka Dar es Salaam kuja huku, na kuomba Mungu liwe na nafasi. Mdogo wangu alifika Msata saa nne asubuhi. Mabasi yakapita yamejaa. Alikuwa hajala, kwa sababu aliogopa kwamba akiingia kwenye mgahawa basi lenye nafasi litampita. Saa nane alikuwa bado amesimama juani, begi mgongoni, simu mkononi na fedha ndani ya simu. Ndipo likasimama basi, na kondakta aliyeshuka alikuwa mtu waliyekaa naye kijiwe kimoja Ngamiani miaka ya nyuma. Kondakta yule simlaumu hata kidogo. Alimwona rafiki yake wa zamani amechomwa na jua, akamwita kwa furaha, akampa kiti cha mbele na chupa ya maji. Walifika Kange, stendi ya mabasi ya Tanga, usiku. Nyumbani kwetu, ambako hakufiki nusu saa kwa bajaji kutoka stendi, mdogo wangu alifika Ijumaa jioni, hana viatu, hana simu, hana begi.

Baadaye sana alinieleza kilichotokea usiku ule wa Jumatano. Alitumia kipimo kile kile alichokuwa akitumia kabla hajaingia kwenye matibabu, akaanguka chooni katika nyumba ya kulala wageni, midomo ikabadilika rangi. Mwenzake alimmwagia maji, akampiga makofi na kumtikisa mpaka akavuta pumzi. Ilikuwa bahati, na tafadhali msiichukue kuwa dawa, maana wengi wamemwagiwa maji na hawakuamka.

Jambo hili wauguzi wanalijua, lakini sisi wazazi na ndugu mara nyingi hatuambiwi, kwa hiyo nitalieleza taratibu. Mwili unaopewa heroini kila siku huizoea, na kipimo ambacho kingemuua mtu mwingine kwake yeye huwa cha kawaida. Anapokaa wiki kadhaa bila kutumia, mazoea hayo hupotea. Lakini kumbukumbu ya kipimo haipotei. Heroini hupunguza nguvu ya ubongo kuuamrisha mwili upumue, na mtu aliyepona miezi minne akirudia kiasi cha zamani, hata mara moja, anaweza kusinzia, akakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, kisha pumzi ikasimama. Ndiyo maana aliyemaliza matibabu yuko karibu zaidi na kifo katika siku zake za kwanza za uhuru kuliko alivyokuwa akitumia kila siku. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika jimbo la Washington, Marekani, juu ya watu waliotoka magerezani, ukaonyesha kwamba katika wiki mbili za kwanza hatari yao ya kufa kwa kuzidisha dawa ilikuwa mara 129 ya ile ya wakazi wengine wa jimbo hilo. Gereza si nyumba ya upataji nafuu, lakini mapafu ni yale yale, na aliyekaa ndani bila kutumia hutoka na mwili uliosahau, popote alipokuwa amekaa.

Kwa hiyo tunaposema kwamba mtu amemaliza, akabeba begi lake na kuondoka, tumemtoa mahali ambapo hatari yake ilikuwa ndogo kabisa tukamwingiza katika saa ambazo hatari hiyo ni kubwa kuliko zote, na saa hizo tumeziacha mikononi mwa wapiga debe.

Katika nyumba hizi wanafundishwa kujilinda na mambo manne: njaa, hasira, upweke na uchovu. Mwenye mojawapo kati ya hayo anatakiwa asimame, alitafutie dawa yake, ampigie simu mwenzake, ale, alale. Sasa itazameni safari ya basi kutoka Bagamoyo hadi Tanga kwa macho hayo. Njaa ilimpata Msata. Upweke alitoka nao getini. Uchovu ulikuja na jua la saa nane, na hasira ikaja kila basi lililompita bila kusimama. Miezi minne walimfundisha kuyakwepa mambo hayo manne, nasi tukamwandalia siku ya kwanza yenye yote kwa pamoja, tena tukamtumia fedha juu yake.

Fedha taslimu naomba niisemee peke yake. Kwa mtu aliyetumia unga, yaani heroini, miaka tisa, noti ya shilingi 10,000 haimwambii habari ya chakula wala ya nauli. Mwili wake umejifunza, mara elfu, kwamba noti ikishafika mkononi kinachofuata ni kete, na mwili ukikumbuka hilo tumbo linasokota na viganja vinatoka jasho kabla akili haijapata nafasi ya kukataa. Mdogo wangu aliniambia kwamba ujumbe wa fedha ulipoingia kwenye simu alihisi haja kubwa papo hapo, kama zamani. Na stendi zetu, mnazijua. Baadhi ya vijana wanaoita abiria na kupakia mizigo ndio hao hao waliokuwa wakitumia naye, wanamjua kwa jina la utani, wanamdai au anawadai, na wanamlaki kwa kelele za kumfurahia. Wanaompenda ni wengi kuliko wanaomtakia mabaya, na hilo ndilo linalofanya iwe vigumu kwake kupita.

Alirudi katika matibabu baada ya miezi saba. Mara hii nilikwenda Bagamoyo siku moja kabla ya kutoka kwake, tukakaa watu watatu, mimi, yeye na mshauri wake, na mshauri akamwomba achore njia yote ya kurudi nyumbani. Alichukua kalamu akachora Bagamoyo, Msata, Mkata, Segera, Muheza, Pongwe, Kange, kisha mitaa yetu, barabara kwa barabara. Halafu, bila kuulizwa, akaanza kuweka alama ya msalaba. Aliweka mmoja Msata. Aliweka mmoja mahali mabasi yanaposimama ili abiria wapate chakula. Aliweka mitatu Kange, mmoja kwenye lango la kuingilia, mmoja nyuma ya vyoo na mmoja kwenye kijiwe cha bodaboda. Kisha akanyamaza kidogo, akaweka mwingine karibu na kwetu, mbele ya kibanda cha kinyozi ambacho mama hupita kila asubuhi akienda sokoni. Miaka yote ile sikuwahi kujua. Nilikuwa nimenyolewa hapo hapo wiki iliyotangulia.

Safari tuliipanga kwa kufuata karatasi ile. Nilikuwa nimekata tiketi mbili za basi linaloanzia Dar es Salaam, nikalipia viti tangu huko ingawa tungepandia Msata, na dereva akajulishwa atuchukue saa ngapi na wapi. Tuliondoka asubuhi baada ya kunywa chai nzito. Fedha zote zilikuwa kwangu, kwa makubaliano yake mwenyewe. Basi liliposimama ili abiria wapate chakula, sisi hatukushuka, tulikula viazi na mayai niliyobeba. Tulipofika Muheza nilinunua machungwa dirishani, yale yaliyokwisha kumenywa, akalipokea la kwanza akanipa mimi. Kange hatukufika. Tulishuka Pongwe, ambako jirani yetu alikuwa anatusubiri na bajaji yake, na jirani yule alizunguka njia ya mbali zaidi ili asipite kwa kinyozi. Nyumbani hakukuwa na pilau wala wageni. Kulikuwa na mama, uji wa mchele na kitanda kilichotandikwa.

Sisemi kwamba basi ndilo lililomponya. Alipona kwa kazi yake mwenyewe, na kazi hiyo anaendelea nayo hadi leo, mwaka wa sita sasa. Ninachosema ni kwamba mara ya kwanza alifanya kazi ile ile, kwa bidii ile ile, na sisi tukaiacha imwagike barabarani.

Ndugu zangu, mambo haya hayawahusu watumiaji wa heroini peke yao. Wapo wanaotoka hospitalini baada ya kutibiwa maradhi ya akili, na katika mkoa wetu tunayo hospitali ya Lutindi, milimani kule Korogwe, ambayo imewahudumia wagonjwa hao tangu zama za Wajerumani. Huko nako mgonjwa hushuka na mfuko wa dawa, akawekwa kwenye gari kama mzigo wa kawaida. Wapo wanaotumia dawa iitwayo klorpromazini, ambayo hulifanya jua liwaunguze ngozi upesi, na anayesafiri na mgonjwa wa namna hiyo akamwachia kiti cha dirishani upande wa jua kwa saa nne au tano anaweza kumfikisha nyumbani uso umevimba. Dawa hiyo pia hushusha shinikizo la damu anapoinuka ghafla, kwa hiyo kondakta anaposema “shuka, shuka, twende,” mgonjwa anaweza kuanguka mlangoni, na watu wakadhani amelewa. Mwacheni ainuke taratibu, ashike kiti, kisha ateremke. Na mfuko wa dawa usiingie kwenye buti la basi pamoja na mabegi, kwa sababu begi likipotea au likichukuliwa na abiria mwingine, mgonjwa amekatiwa tiba yake siku ile ile ya kutoka.

Kwa wanaotumia methadoni, dawa wanayopewa waraibu wa heroini ili waiache, safari ina hesabu nyingine. Huduma hiyo ilianza nchini mwetu Februari 2011 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, na sasa tunayo hapa Tanga, katika hospitali yetu ya Bombo. Kwa kawaida dawa hiyo hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na nguvu yake hudumu kwa takriban siku nzima. Anayehama mji kwa hiyo hasafiri kwanza ndipo aulize. Kliniki anayotoka huwasiliana na kliniki anayokwenda, anapewa barua inayoonyesha kipimo chake, siku ya safari anakunywa asubuhi kabla ya kuondoka, na kesho yake anapokelewa upande wa pili na watu wanaomtarajia. Akifika bila barua, wahudumu hawawezi kumpa kipimo wasichokijua, na kila siku inayopita arosto inazidi. Akikosa siku tatu mfululizo au zaidi hatakiwi kurudishiwa tu kipimo cha zamani, lazima apimwe upya, kwa sababu ile ile niliyoieleza ya mwili kusahau.

Nitaje kidogo habari ya Marekani, kwa sababu tunapenda kusema kwamba mambo ya usafiri si mambo ya afya. Wanao mpango wa bima ya afya kwa watu wa kipato cha chini, unaoitwa Medicaid, ulioanzishwa mwaka 1965. Kwa miaka mingi kanuni za mpango huo zimeyataka majimbo yahakikishe kwamba mgonjwa asiye na uwezo anapata usafiri wa kwenda kwa mtoa huduma na wa kurudi, hata kama hali yake si ya dharura, na mwishoni mwa mwaka 2020 takwa hilo likaingizwa ndani ya sheria yenyewe. Huduma yenyewe ina kasoro zake, mara nyingi gari lazima liombwe siku kadhaa kabla. Lakini wamekwisha kukubali kwamba mgonjwa asiyeweza kufika, au asiyeweza kurudi salama, ni mgonjwa ambaye hajatibiwa. Sisi tumepitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na naomba watakaokaa kupanga mafao yake miaka ijayo walikumbuke jambo hili.

Hata hivyo sipendi tusubiri bima. Kwetu pwani mgeni husindikizwa. Hata jirani aliyekuja kuazima ungo husindikizwa mpaka kwenye kona, na anayemwacha mgeni wake afungue mlango na kutoka peke yake huonekana hakulelewa. Desturi hiyo tunayo tayari, haihitaji mradi wala mfadhili, na nashangaa kwamba ndugu yetu aliyepigana vita vikubwa kuliko vyote ndiye tuliyemsahau.

Wenzangu mnaoendesha nyumba za upataji nafuu, nasema nanyi kwa heshima, maana mnafanya kazi ambayo wengi tuliikimbia. Ninawaomba mpango wa kutoka uandikwe siku ya kuingia, wakati familia yote ipo hapo na moyo bado unauma. Mnapotutoza ada ya mwezi wa kwanza, tutozeni na nauli ya kurudi, ya watu wawili, muiweke. Nauli hiyo haifikii hata ada ya mwezi mmoja, na siku hiyo hakuna mzazi atakayeikataa. Mwandikeni jina la atakayekuja kumchukua, na la pili endapo wa kwanza atafariki au atasafiri. Ikiwa hakuna kabisa, atoke na mmoja wa wale waliokwisha kupona ambao mnawaamini, kwa sharti kwamba msindikizaji naye asirudi peke yake siku hiyo hiyo amechoka. Fedha zisitumwe kwenye simu ya anayetoka. Tiketi ikatwe kwa jina lake, na kondakta apewe namba ya simu ya nyumbani. Ninaiomba Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015 na inayoziratibu nyumba hizi, iyafanye haya kuwa masharti, ili nyumba inayoyatekeleza isionekane kuwa na ada kubwa kuliko jirani yake.

Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, na kwa wafanyabiashara hilo ni jema. Kwa mtu wetu si jema. Akipanda basi la usiku atateremka Kange saa tisa za usiku, wakati waliobaki macho ni wale aliowakimbia. Asafiri asubuhi, afike jua lingali juu.

Ninyi madereva na makondakta hamjui ni wangapi mmekwisha kuwafikisha salama. Mkiletewa abiria mkaambiwa kwamba huyu anatoka matibabu, mpeni kiti cha karibu na ninyi, mteremsheni pale alipoomba hata kama si kituo kikubwa, na msimwite teja, wala msimtajie abiria mwingine habari zake. Mkimkuta mtu kwenye kiti ambaye haamki, anakoroma kwa shida, midomo imekuwa ya buluu au ya kijivu, mboni za macho zimesinyaa kama ncha ya pini, msisimamishe basi mbele ya duka mkamnunulia maziwa. Asipewe kitu chochote mdomoni. Kama anapumua, mlazeni ubavu. Kama hapumui, anayejua kumpulizia pumzi mdomoni ampulizie, na gari liende kwenye kituo cha afya kilicho karibu, wala asiachwe peke yake hata dakika moja. Ipo dawa iitwayo naloksoni inayoweza kumrudishia pumzi ndani ya dakika chache, na tangu mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani limependekeza kwamba watu wanaoweza kulikuta tukio la namna hiyo, hata wasio wauguzi, waipate na wafundishwe kuitumia. Ningefurahi kuiona siku moja katika sanduku la huduma ya kwanza la kila basi linalopita barabara hii.

Wanawake tumewasahau zaidi. Wanaoingia matibabu ni wachache, na wanaotoka mara nyingi hawafuatwi na mtu, kwa sababu familia imekwisha kukata tamaa au inaona aibu. Anayekuja getini ni yule mwanamume aliyekuwa akimpatia unga. Anakuja na pikipiki, anakuja mapema, na anajua tarehe. Mama mmoja aliniambia kwamba yeye alipanda pikipiki ile kwa sababu hapakuwa na chombo kingine mbele ya geti. Nawaomba kina mama wa vikundi vyetu vya kuweka na kukopa walichukue jambo hili mikononi mwao, wakaenda wawili, mmoja akiwa amembeba mtoto wa yule anayetoka, kama mtoto yupo na anaweza kusafiri.

Na wapo wasio na pa kurudi, kwa sababu nyumbani hawatakiwi, au kwa sababu nyumbani ndiko kijiwe kilipo. Kuwakatia tiketi ya kurudi huko ni kuwatupa. Hao wanahitaji chumba katika mji mwingine na mtu wa kuwapokea, na hilo linahitaji mazungumzo marefu kuliko muda niliopewa leo.

Wiki hii wanatoka wawili wa kwetu. Mmoja yuko Bagamoyo, kijana wa Mabawa, anatoka Jumamosi, na mama yake, ambaye yuko nasi hapa, hawezi kukaa kwenye basi muda mrefu kwa sababu ya mgongo. Nimeahidi kwamba nitakwenda, lakini tunahitaji mtu wa pili, mwanamume mwenye subira, atakayelala Bagamoyo Ijumaa. Mwingine ni dada anayetoka Jumatatu, na kwa ajili yake tunatafuta kina mama wawili pamoja na mwenye bajaji atakayesubiri Pongwe kuanzia saa nane mchana. Daftari liko mezani pale mlangoni. Andikeni majina yenu, namba za simu na siku mnayoweza. Michango ya nauli isiwekwe ndani ya daftari, apewe mwekahazina aliyeketi kando yake. Asanteni kwa kunisikiliza.